Barafu ya pangaboi: Maumbile hayasomi fasili zetu

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi maji huganda yakifikia baridi ya kiasi gani, naye atakujibu pasi na kusita kuwa maji huganda katika nyuzi 0 za Selsiasi. Jibu hilo limo vitabuni, limo madaftarini, na mtihani ukija humpatia alama yake kamili. Hapana mwalimu atakayelikosoa. Hata hivyo, kule juu mawinguni, mahali ambapo ndege za pangaboi hupita kila siku ya Mungu, jibu hilo halitoshi. Mna mawingu yenye baridi ya nyuzi 10, nyuzi 15, hata nyuzi 20 chini ya sifuri, nayo yamejaa maji. Si barafu, wala si theluji. Ni matone madogo madogo ya maji yanayoelea, yakingoja kitu cha kuyagusa.

Kitu hicho huweza kuwa ndege yenye abiria.

Mimi si mhandisi wala rubani. Kazi yangu ni isimu, na siku zangu nyingi huzitumia nikizungumza na wanafunzi kuhusu maana ya maneno: maana hutoka wapi, nani huiwekea mipaka, na huwaje mipaka hiyo ikigongana na ulimwengu. Nimevutwa na ripoti za wachunguzi wa ajali za ndege kwa sababu ripoti hizo, baada ya kurasa nyingi za vyuma na hesabu, mara kwa mara huishia kwenye swali lililo la taaluma yangu: je, neno hili lilimaanisha nini, na kwa nani? Dai langu leo ni kwamba barafu inayoshika kwenye pangaboi na mabawa imewaua watu si kwa ubaridi wake tu, bali pia kwa sababu wataalamu waliiwekea fasili, wakaizungushia fasili hiyo ua, kisha wakasahau kwamba ua ni wao na maumbile hayakuliona. Hilo ni somo linalotuhusu sisi walimu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na maji yenyewe. Ili maji yageuke barafu hayahitaji baridi peke yake. Yanahitaji pia mahali pa kuanzia. Chembe ya vumbi yenye umbo linalofaa, au kijipande cha barafu kilichokwisha kuwapo, huwa kiini ambacho maji hujipanga kukizunguka. Mtungini na ziwani viini hivyo havikosekani, ndiyo maana ile sentensi ya darasani hutufaa maishani. Lakini ndani ya tone dogo kabisa lililo angani huenda kiini kisiwemo, na tone hilo likaendelea kuwa maji hadi baridi ikaribie nyuzi 40 chini ya sifuri. Maji ya namna hii nitayaita maji yaliyopoa kupindukia. Yakiguswa na bawa, kioo au pangaboi, huanza kuganda mara moja na kushika hapo hapo.

Sasa tuitazame pangaboi. Kamusi zetu zinalo neno rafadha, na wasemaji wengi wanalo pangaboi. Nitalishika hili la pili kwa kuwa halihitaji mkalimani. Ndege ninazozizungumzia ni zile ambazo injini yake ni ya gesi moto kama ya jeti, ila nguvu nyingi ya injini hiyo hutumika kuzungusha pangaboi. ATR 42 na ATR 72 zinazoundwa kwa ushirikiano wa Ufaransa na Italia, Dash 8 ya Kanada, na Fokker 50 ya Uholanzi ni za jamii hiyo, na zote zimepata kuruka katika anga ya Kenya.

Pangaboi ya ATR 72 ina kipenyo cha karibu mita 4. Inapozunguka kwa mwendo wake kamili hufanya mizunguko 1,200 kwa dakika, yaani 20 kwa kila sekunde. Ncha ya kila bapa lake basi hukata hewa kwa kasi ya karibu mita 250 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hewa iliyo kwenye ncha hupata joto kidogo, na nguvu ya kurusha vitu nje ni kubwa mno, kwa hivyo kwa kawaida barafu haikai sana huko. Hupenda kukaa karibu na shina la bapa, ambako mwendo ni wa pole.

Madhara yake ni mawili. La kwanza ni umbo. Bapa la pangaboi, kama bawa, limechongwa kwa ustadi ili hewa ipite juu yake bila kuvurugika. Barafu ikishika ukingo wa mbele hulifanya butu na lenye makwaruzo. Injini huzunguka kwa juhudi ile ile, lakini pangaboi huvuta ndege kidogo kuliko ilivyopaswa. La pili ni mizani. Walimu wa fizikia wanaweza kulipa darasa hesabu hii: chukua kipande cha barafu cha gramu 100, kiwe umbali wa mita 1 kutoka kitovuni, na pangaboi izunguke mara 20 kwa sekunde. Mwanafunzi atapata kuwa kipande hicho huvuta kwa nguvu ya takriban niutoni 1,580. Hiyo ni sawa na kutundika mzigo wa kilo 160 kwenye bapa moja. Ikiwa bapa la upande wa pili limekwisha kupukutisha barafu yake, tofauti hiyo huitikisa injini, ikatikisa bawa, ikafika hadi kwenye kiti cha abiria. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha aina hii hakihitaji kuwa kikubwa.

Wahandisi hawakulala. Zamani pangaboi zilimiminiwa spiriti ili barafu isishike. Siku hizi sehemu ya ndani ya ukingo wa kila bapa huvishwa utando wenye nyaya za umeme zinazopata moto. Umeme huo hupokezanwa kwa zamu, ili jenereta isilemewe na ili mabapa yanayokabiliana yapukutishe barafu kwa pamoja. Vipande vinavyochomoka hurushwa kwa nguvu, na vingine hupiga ubavu wa ndege. Ndiyo maana ndege nyingi za aina hii zimeimarishwa ubavuni mkabala wa pangaboi. Abiria husikia mapigo kama ya mawe yakitupwa juu ya bati. Kwenye mabawa, ndege nyingi za pangaboi hutumia mpira uliobandikwa ukingoni mwa bawa: hewa huingizwa, mpira ukavimba ghafla, barafu ikapasuka na kupeperuka. Jeti kubwa zina hewa moto tele kutoka injini ya kupashia mabawa joto. Ndege za pangaboi hazina anasa hiyo. Zaidi ya hayo, jeti hupenya mawingu haraka ikaenda kupumzika kwenye kimo cha futi 35,000, ilhali ndege ya pangaboi hufanya safari yake kati ya futi 15,000 na 25,000, palepale yanapokaa maji yaliyopoa kupindukia.

Wala asidhani mtu kuwa haya ni ya majira ya baridi ya Ulaya tu. Tarehe 11 Agosti 1991, katikati ya kiangazi cha Uingereza, ndege aina ya BAe ATP ilikuwa ikipanda juu ya eneo la Oxford ilipoingia kwenye barafu. Mtetemo ulikuwa mkali kiasi cha marubani kushindwa kusoma vioo vya ala zao. Ndege ilipoteza mwendo, ikaponyoka mikononi mwao na kushuka maelfu ya futi kabla ya kuirejesha katika hali yake. Kwa bahati njema ilitua salama.

Hadi hapa huenda msomaji akaona kuwa hili ni suala la vyuma na umeme. Ndipo sasa ninapoingia mimi.

Kwa miongo mingi marubani wa Marekani wameripoti barafu kwa ngazi nne: dalili tu, nyepesi, wastani na kali. Ngazi hizo zinasikika kama vipimo, mithili ya kilo au mita. Ukizichunguza utaona si vipimo hata kidogo. Barafu kali ilifasiliwa kuwa ile inayoshika upesi kiasi kwamba vifaa vya ndege vya kuiondoa hushindwa kuidhibiti, na rubani hana budi kuondoka hapo mara moja. Fasili hiyo haisemi lolote juu ya wingu. Inasema juu ya ndege. Wingu lile lile moja, katika dakika ile ile, huweza kuwa na barafu nyepesi kwa jeti kubwa na barafu kali kwa ndege ndogo inayoifuata nyuma.

Wanafunzi wangu wa semantiki wanalijua tatizo hili kwa jina jingine. Kuna maneno ambayo maana yake hubadilika kwa kumtegemea msemaji na mahali alipo: hapa, pale, leo, kesho. Hapa yangu si hapa yako. Hakuna anayeandika neno hapa kwenye barua bila anwani akatarajia mgeni afike nyumbani. Lakini rubani aliyeambiwa redioni kwamba mbele kuna barafu nyepesi alipokea neno la jamii ya hapa, akalichukua kana kwamba ni neno la jamii ya kilo. Isitoshe, barafu kali hutambulikana baada ya vifaa kushindwa. Ni sawa na kuuita mto wenye kina baada ya mvukaji kuzama.

Hilo ni ua la kwanza. La pili lilikuwa refu na imara zaidi, kwa kuwa lilijengwa kwa sheria. Ndege haipewi ruhusa ya kuruka kwenye barafu mpaka mwundaji wake athibitishe kuwa inaweza kuistahimili. Je, barafu ipi? Kanuni za Marekani, kupitia kiambatisho kinachoitwa C kilichotiwa katika kanuni za ndege kubwa mwaka 1964, zilijibu swali hilo kwa kuorodhesha baridi, wingi wa maji na ukubwa wa matone. Orodha hiyo ilitokana na vipimo vilivyochukuliwa angani na watafiti miaka ya 1940, na ilikuwa kazi ya kuheshimika. Matone yake yalikuwa madogo: kipenyo cha wastani kiliishia maikroni 50, chini ya unene wa unywele wa binadamu. Ndege iliyofaulu kwa matone hayo ilipewa cheti, na cheti kikasema kuwa ndege hii inaweza kuruka kwenye barafu.

Tazama basi kilichotukia katika lugha. Fungu la maneno lenye masharti, yaani barafu ya matone yasiyozidi kipimo fulani, lilifupishwa likawa neno moja: barafu. Masharti yakabaki kabatini, neno likapanda ndege.

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Matone ya manyunyu yana kipenyo cha maikroni 100 hadi 500, na tone la maikroni 200 lina maji mara 1,000 ya tone la maikroni 20. Tofauti si ya wingi tu bali pia ya tabia. Maji yanapoganda hutoa joto. Tone dogo hulitoa upesi na kuwa barafu pale pale lilipotua, nyeupe na yenye makwaruzo. Tone kubwa huganda sehemu tu, sehemu nyingine ikatiririka nyuma kabla ya kuganda, ikaacha barafu angavu kama kioo. Hutiririka hadi wapi? Huweza kupita mwisho wa ule mpira unaovimba, ikaganda mahali ambapo hakuna kifaa cha kuiondoa.

Tarehe 31 Oktoba 1994, ndege ya ATR 72 ilitoka Indianapolis kuelekea Chicago. Kwa sababu ya msongamano iliamriwa izunguke angani kungoja zamu, ikakaa takriban nusu saa kwenye kimo cha futi 10,000, ndani ya manyunyu yaliyopoa kupindukia. Mipira ya mabawa ilivimba na kusinyaa kama ilivyopaswa. Nyuma yake, pasipoonekana vyema kutoka chumba cha marubani, kukajengeka tuta la barafu. Ndege ilipoanza kushuka, hewa ikavurugika juu ya tuta hilo, kibao cha ukingoni mwa bawa kinachoiinamisha ndege upande kikavutwa kwa nguvu, mtambo wa kujiendesha ukajiondoa, na ndege ikabiringika. Ilianguka kwenye shamba la soya karibu na Roselawn, jimbo la Indiana. Watu wote 68 waliokuwamo walikufa.

Baadaye mwaka huo huo ATR 72 nyingine ilirushwa huko California nyuma ya ndege kubwa iliyokuwa ikiinyunyizia maji, na wachunguzi wakaliona tuta lenyewe likijengeka. Mipira ya mabawa ikapanuliwa. Lakini ni hatua nyingine iliyonivutia zaidi kama mtu wa lugha. Mwaka 1996 wasimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani waliwaamuru marubani wa ndege nyingi za pangaboi wazitazame ishara fulani za kuonekana kwa macho: barafu ikishika kwenye sehemu za ndege ambazo kwa kawaida hazishiki, au ikitambaa kwenye ile kofia ya mbele ya pangaboi na kurudi nyuma kuliko ilivyozoeleka, basi wamo katika hali iliyo nje ya cheti, na waondoke.

Hebu tuitafakari amri hiyo. Rubani hana kifaa cha kupima maikroni. Neno la sheria halikuwa na mkono wa kumshika. Kofia ya pangaboi, iliyo karibu na dirisha lake, ikafanywa ukurasa wa kusomea. Hatari ambayo hapo awali haikuwa na jina rubani alilokuwa na uwezo wa kulitumia, sasa ikapata jina, na jina hilo likafungwa kwenye jambo ambalo jicho linaweza kulishuhudia. Hivyo ndivyo istilahi njema inavyofanya kazi. Kanuni yenyewe ilichelewa zaidi: mwaka 2014, miaka 20 baada ya Roselawn, Marekani ilipitisha kiambatisho kipya kilichoyatambua manyunyu na mvua inayoganda. Maumbile yalikuwa na matone hayo siku zote.

Ikiwa kitu kisicho na jina kinaua, je, jina lisilo na kitu? Nalo huua. Tarehe 9 Januari 1997, ndege ya pangaboi aina ya EMB-120 Brasilia ilianguka karibu na Monroe, jimbo la Michigan, ikielekea Detroit, na watu 29 wakafa. Wachunguzi walieleza kuwa barafu nyembamba yenye makwaruzo, ambayo mtu angeweza kuipuuza, ilitosha kuvuruga mabawa kwa mwendo mdogo iliokuwa nao. Marubani wa vizazi kadhaa walikuwa wamefundishwa wasivimbishe mipira mapema, bali wangoje barafu inenepe kwanza. Sababu waliyopewa ilikuwa na jina zuri lenye picha: daraja la barafu. Iliaminika kuwa mpira ukivimba mapema, barafu laini ingechukua umbo la mpira uliovimba ikaganda hivyo, na chini yake mpira ungevimba na kusinyaa bure, kana kwamba chini ya daraja. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kuwa jambo hilo halitokei kwenye ndege za kisasa, ambazo mipira yake huvimba kwa kasi na kwa nguvu. Jina lilibaki kwa kuwa lilikuwa tamu masikioni, lilifundishika, na kila mwalimu alilipokea kutoka kwa mwalimu wake. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nao hawa walifundishwa kuudharau mwiba.

Mapambano haya hayajaisha. Tarehe 9 Agosti 2024 ATR 72 nyingine ilianguka Vinhedo, nchini Brazil, na watu 62 wakapoteza maisha. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa nchi hiyo ilitaja barafu miongoni mwa yaliyokuwapo safarini.

Sisi tulio karibu na Ikweta tusijidanganye kuwa haya ni ya wenye theluji. Katika anga yetu baridi hufikia nyuzi 0 kwenye kimo cha takriban mita 5,000, mahali ambapo Mlima Kenya wenye mita 5,199 huvaa barafu yake. Ndege ya ATR inaruhusiwa kupanda hadi futi 25,000, yaani mita zipatazo 7,600. Kwa hivyo abiria aliyeondoka Mombasa akiwa bado na jasho la pwani huenda, kabla ya kumaliza kikombe chake cha chai, akawa ndani ya wingu lenye maji yaliyopoa kupindukia. Vijana wanaosomea urubani na uhandisi wa ndege leo walikuwa madarasani mwetu jana, na ile sentensi ya nyuzi 0 walifunzwa na sisi.

Nawaomba walimu wenzangu basi, wa sayansi na wa lugha, tuyafanye mambo matatu. Kwanza, kila fasili tuifundishe pamoja na mpaka wake. Mwanafunzi aandike kuwa maji huganda katika nyuzi 0, kisha aongeze: ikiwa yamepata kiini. Maneno hayo matatu hayamwongezei mzigo, yanamwachia mlango. Pili, kila neno la kiwango, liwe kali, dogo, salama au la kawaida, mwanafunzi aulizwe: kwa nani? Tatu, kila jina tamu lenye picha aliulizie shahidi: nani amekiona kitu hiki, lini, na kwa kifaa gani? Mwanafunzi anayekariri bila maswali haya hupata alama, nasi hupata sifa, lakini sote tumejenga ua tusilojua limeishia wapi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, wala si kama pambo. Mwanafunzi wetu hujifunza sayansi kwa Kiingereza, na sentensi aliyoikariri kwa lugha hiyo huweza kumkaa kichwani nzima nzima, kama jiwe. Mtake aieleze upya kwa Kiswahili, naye atalazimika kuivunja ili aone ndani yake mna nini. Mathalani, mwambie ataje aina za barafu ya ndege. Atalikuta neno sakitu, umande ulioganda ambao wakulima wa majani chai wanaujua kwa hasara zake, na atataka kulitumia kwa ile barafu nyeupe yenye makwaruzo. Mwalimu na amwulize: je, sakitu hutokana na matone? La, hutokana na mvuke. Basi labda tuseme sakitu ya matone, na ile nyingine tuiite barafu angavu. Katika mjadala huo wa dakika 10 mwanafunzi atakuwa amefanya kazi ile ile ambayo wenye kanuni walichelewa kuifanya kwa miongo: kuuliza jina linaishia wapi.

Isitoshe, lugha yetu ina hazina ambayo hatujaipigia hesabu. Kitenzi kuganda hubeba mambo mawili kwa pamoja. Maziwa huganda, damu huganda, kwa maana ya kuacha umajimaji. Na kupe huganda kwenye ngozi ya ng'ombe, kwa maana ya kushikilia asitake kubanduka. Yule mwanafunzi aliyekariri kuwa maji huganda katika nyuzi 0 alikuwa tayari ameyataja yote mawili bila kujua: maji hugeuka kuwa kitu kigumu, na kitu hicho hushika. Pangaboi inayozunguka mara 20 kwa sekunde ndani ya wingu baridi hukutana na maana zote mbili kwa mpigo mmoja.

Ndege zitaendelea kupaa, na wahandisi wataendelea kuboresha nyaya na mipira yao. Hiyo ni kazi yao, na Mungu awasaidie. Kazi yetu sisi wa darasani ni kuhakikisha kwamba kijana atakayeshika usukani au kuandika kanuni za kesho amekwisha kuzoea, tangu alipokuwa na kalamu ya risasi mkononi, kuitazama kila fasili na kuuliza imeishia wapi.